Siku Niliyojikunja Chini ya Meza ya Madam

Hii nilikuwa nimeapa kufa nayo, ila nimegundua mwaitu (mama yangu mzazi) ameshaanza kuwasimulia watu wa jumuiya, tena anaweka chumvi mahali ambapo hapakuhitaji, kwa hivyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe, angalau aibu iwe ya kiasi chake.

Dada yangu Ndinda ana binti wa miaka saba, Mumbua. Huyo mtoto atakuhesabia mbuzi wote wa jirani kabla hujamaliza kusema mbuzi, lakini mazungumzo ni shida. Ukimuuliza kama amekula, anakujibu kwa tangazo la redio la dawa ya kupe, neno kwa neno, na muziki wake mwishoni. Wenzake wakitoka kwenda kucheza, yeye anaingia chini ya dawati na kupanga viatu vya watu kuanzia kikubwa hadi kidogo. Mwalimu mkuu alikuwa amesema waziwazi: tulete barua kutoka ofisi ya tathmini mjini Machakos, ndipo Mumbua apewe mwalimu wa kumsaidia akiwa na wenzake darasani, bila barua, muhula ujao anarudi chekechea. Ndinda alinyimwa ruhusa kazini, na kazi ya kufuata barua ikaniangukia mimi, kwa kuwa mimi nina digrii na sina la kufanya (hayo ni maneno ya mwaitu).

Sasa, mnanijua. Mimi hata pasta akisema tufumbe macho, huwa naacha moja wazi nione nani hajafumba. Siku niliyoenda kuomba miadi, Madam Syombua, mwalimu anayewapima watoto, alitoka kutafuta muhuri akaniacha na kitabu chake cha picha mezani. Nikajiuliza, kweli kitabu cha kurasa kumi na mbili kinaweza kumpima binadamu? Nikakifungua. Kosa langu ni hilo tu, mengine yote yalijileta. Kuku, jembe, mama anayelia kando ya sufuria iliyomwagika, nikapiga picha zote kwa simu, na Madam aliporudi alinikuta nimekaa wima kama mtoto anayesubiri maziwa ya shule.

(Kabla hamjanihukumu: nani kati yetu alisoma shule za hapa na hakuwahi kutafuta karatasi za mtihani wa mwaka uliopita? Sisi tukisikia neno mtihani, mkono unatafuta penseli wenyewe. Kwamba kuna mahali mtoto anapimwa ili ionekane anapokwama, halafu asaidiwe hapo, wazo hilo halikunijia hata kwa bahati mbaya, pamoja na digrii yangu.)

Kwa wiki mbili, kila siku baada ya chai ya saa kumi, nilimkalisha Mumbua pale nyumbani Masii na kumuonyesha picha. Akijibu, namwambia "Vizuri sana, chukua karanga," na karanga moja inaingia mdomoni. Mwaitu alikuwa akipita na ndoo anasema, "Mfundishe, mtihani ni mtihani." Ikafika mahali mtoto anajibu kabla sijauliza.

Siku yenyewe tukafika mapema. Wazazi walikuwa wamejaa kwenye benchi nje ya ofisi, mlango uko wazi kwa sababu ya joto. Madam akafungua kitabu, na Mumbua akamaliza kurasa kumi na mbili kama anayefukuzwa. Nilikuwa natabasamu mpaka masikio yanauma.

Madam akaweka kalamu chini. "Huyu yuko sawa kabisa. Hata wangu nyumbani hasemi hivi. Nitaandika hahitaji msaada."

Tabasamu likanikauka usoni. "Hapana, Madam! Hayuko sawa!"

"Kijana, wazazi hulia hapa wakiambiwa mtoto yuko na shida. Wewe unalia kwa nini?"

"Shuleni haongei na mtu! Anaingia chini ya dawati!"

"Anaingia vipi? Mimi namuona amekaa vizuri."

Pale ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli kuhusu zile picha. Mimi nikasema, "Hivi," nikapiga magoti, nikaingia chini ya meza ya serikali nikiwa na suti ya mahafali, nikajikunja, na ili nisiache shaka yoyote nikavua viatu vyangu, nikaongeza na cha Madam kimoja alichokuwa amekivua, nikaanza kuvipanga.

Mlango ukajaa watu. Alikuwa mkubwa wa ofisi, na nyuma yake maafisa wawili kutoka Nairobi waliokuja kukagua kazi.

"Na hapa," mkubwa akasema, "ndipo tunapowapima watoto…" Alikuwa ameona soksi zangu.

Mumbua akasimama, akakunja mikono tumboni kama mzee wa kanisa, akasema kwa sauti nzito, "Sasa tunaomba wageni wetu wasimame tuwaone."

Hakuna mtu wa Machakos anayesikia maneno hayo ya ibada ya Jumapili akabaki ameketi. Benchi lote la nje likasimama. Mzee mmoja akavua kofia: "Bwana asifiwe! Mimi nimetoka Ndithini, nawaletea salamu…" Nami, kwa mazoea tu, nikasimama pia, nikasahau niko chini ya meza. Kichwa kikagonga mbao, chupa ya chai ikaanguka na kumwagikia mafaili.

"Makofi ya kilo!" Mumbua akaamuru, na kweli wakapiga, yale mazito ya kukaribisha wageni. Kisha akainama, akanitazama pale chini, akasema kwa sauti yangu mimi, hadi ule mvuto wangu wa puani, "Vizuri sana, chukua karanga." Akachomoa karanga mfukoni mwake, akanitia mdomoni.

"Asi!" Madam akasema. Akanitazama nikitafuna. "Ni nani amekuwa akimpa karanga?"

Ningeweza kukana. Lakini niliiona ile barua inaenda, na Mumbua na miguu yake mirefu kwenye kiti cha chekechea. Nikasema yote, nikiwa bado kwa magoti, mbele ya mkubwa, wageni, na mzee wa Ndithini aliyekuwa ameingia ndani kabisa ili asikie vizuri.

Madam akapangusa chai mezani. Alifungua kitabu kuanzia nyuma, akamwonyesha Mumbua picha ya punda. "Huyu ni nani?"

"Kuku," Mumbua akasema. Jibu la ukurasa wa kwanza wa mazoezi yetu. Akafungua picha ya gari, Mumbua akasema jembe. Madam akaacha kitabu, akakaa sakafuni karibu naye, wakapanga viatu kwa nusu saa nzima, huku akiandika.

Barua tukapata. "Mtoto nimemaliza," Madam akasema. "Sasa wewe. Jumamosi nne, mafunzo ya wazazi, utakaa mbele nikuone."

Nilikaa mbele, kwenye kiti cha watoto. Na nimeapa sitafungua tena kitabu cha mtu aliyeenda kutafuta muhuri, hata kiwe na jina langu juu.

Mumbua yuko darasani na wenzake, ana mwalimu wake. Juzi niliingia nyumbani, akanitazama, akasema, "Anko, toka chini ya meza."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Lakini sentensi hiyo haikutoka redioni wala kanisani, ilikuwa yake mwenyewe, kwa hivyo niliinuka, nikaingia chini ya meza, kisha nikatoka.