Mzazi Hali Maharage

Mimi sijui kukaa. Wanangu husema kiti changu hakijawahi kupata joto, na ni kweli. Hata chai naimeza nimesimama. Kwa hiyo siku tuliyompeleka binti yangu hospitali kujifungua mtoto wake wa kwanza, mimi nilifukuzwa. Nesi hakuwa mkali. Aliniambia tu, "Mama, umezunguka hii korido mpaka wagonjwa wanapata kizunguzungu. Nenda nyumbani, mume wake atabaki hapa, atakupigia simu." Nikarudi Kariakoo na hasira zangu.

Afadhali nilikuwa na kazi. Alfajiri, akishuka ngazi huku ameshika ukuta, binti alinigeukia katikati ya uchungu akasema, "Mama, nikirudi nikute yale maharage yako ya kuoka." Ujauzito mzima kiungulia kilikuwa kimemnyima. Alikuwa akiyanusa tu, anasikitika, anarudi kwenye ndizi zake. Bahati nzuri nilikuwa nimelowesha mengine tangu usiku.

Maharage yangu si yale ya kopo yenye sosi tamutamu. Nachukua maharage ya njano, nayalowesha tangu jana yake, nayachemsha mpaka yaanze kulegea. Kisha nakaanga vitunguu vingi mpaka viwe vya kahawia, natia nyanya, tangawizi, kipande cha sukari guru na nyama ya mbavu yenye mafuta yake. Vyote naviingiza kwenye sufuria zito, nafunika, napalia makaa juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini, kama anayeoka keki. Baada ya hapo hutakiwi kufanya chochote, na hapo ndipo ninaposhindwa.

Mwenye nyumba hataki mkaa ndani, kwa hiyo vya mkaa wapangaji tunavipikia juu kabisa, kwenye paa la zege tunakoanika nguo. Nilimkuta huko mama mkwe wa binti yangu. Alikuwa ametoka Mtwara kuja kumpokea mjukuu, na kwa wiki kadhaa tulikuwa tukilala chumba kimoja na kuheshimiana kama wakwe, yaani kila mmoja akiyameza maneno yake. Alikuwa akianika kanga kuukuu alizozifua na kuzifua tena ziwe laini, za kumfungia mtoto.

"Hayo ya nani, mkwe?" aliniuliza.

"Ya binti yetu. Ameyaagiza mwenyewe."

"Mzazi hali maharage. Mtoto atanyonya gesi, tumbo lijae, kazi iwe kulia tu. Aombe kingine. Hayo mpaka arobaini ziishe."

"Mimi nilikula, mkwe, na wanangu wote wapo."

"Ndiyo maana hata mmoja hajui kutulia."

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Lakini moyoni niliapa kwamba nitampenyezea binti yangu hata vijiko viwili, huyu mama akiwa kwenye swala.

Basi tukasubiri. Nilifunua sufuria nikachungulia. Majivu yakaanguka ndani, nikayatoa kwa kijiko. Nikafunika, nikapalia upya. Nikaenda ukingoni kutazama chini. Spika ya mchuuzi wa viatu ilikuwa ikirudia sauti ile ile, "Chagua, chagua, bei ya kutupa," mpaka nikatamani kuimwagia maji. Nikaangalia simu. Nikapiga, haikupokewa. Nikafunua sufuria tena.

"Mkwe, yaache yaive," alisema mwenzangu. Lakini naye alikuwa akizianua kanga zikiwa bado na unyevu, anazikunja, anazikunjua, anazianika tena. Niliogopa. Naandika wazi kwa sababu siku ile sikusema: niliogopa tangu nilipomwacha binti kwenye ile korido, na kila nilipofunua lile sufuria nilikuwa nikitafuta kitu cha kufanya na mikono yangu.

Jua lilikuwa limeshageuka simu ilipoita. Alikuwa mume wa binti yangu.

"Mama, ameshajifungua."

Sikumpa nafasi. Nilipiga kigelegele kilichotoka tumboni kabisa, simu ikiwa bado mkononi. Na Kariakoo ilivyo, nikajibiwa. Mwanamke wa ghorofa ya pili akadakia, wa jengo la ng'ambo naye akadakia, wanawake wasionijua, kila mmoja kutoka kwenye dirisha lake. Mama mkwe alitupa kanga begani, akaja mbio, naye akapiga chake.

"Mama, nisikilize," kijana alikuwa akisema. "Mama. Yeye yupo. Mtoto hakulia."

Nilimwuliza amesemaje. Akarudia. Vigelegele vilikuwa bado vinakuja kutoka madirishani, na sikujua mtu anavizima vipi.

Mama mkwe alinitazama usoni akaelewa. Alirudi kwenye kamba, akazianua kanga zote, akashuka nazo chini.

Kesho yake wanaume walikwenda kuzika, na binti yangu akarudishwa nyumbani. Alipanda zile ngazi polepole, ameshika ukuta ule ule. Tulimlaza chumbani kwetu, naye akageukia upande. Mimi nikakimbilia jikoni. Sufuria la maharage lilikuwa juu ya meza, limelala na ladha yake yote, na sikuweza kulitazama. Nikalibeba niende nikayamwage.

Mama mkwe alinizuia mlangoni. Alilichukua mikononi mwangu, akalibandika kwenye gesi, akayapasha taratibu bila kuyafunuafunua. Kisha akatwaa upawa, akajaza sahani, akachagua na kipande kizuri cha mbavu. Nilimfuata nyuma.

"Inuka, mwanangu," alimwambia. "Ule."

Binti yangu aliketi. Aliitazama ile sahani, kisha akamtazama aliyeishika.

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa," alisema.

Mama mkwe wake alikaa sakafuni pale pale. Mimi nami, kwa mara ya kwanza, nikakaa, tukiwa tumeegemeana bega kwa bega. Binti alikula kijiko baada ya kijiko, mpaka sahani ikabaki nyeupe, huku gauni lake likizidi kulowa maziwa kifuani.