Farasi Aliyemngoja Baba Anywe

Nilikwenda Rudewa mwezi uliopita kuhani msiba, nikarudi Magomeni hoi. Magoti yangu hayataki tena safari. Kijana wa bodaboda aliposimama njiani ili nipumzike, niliona sakafu ya saruji imechomoza katikati ya mahindi ya watu, nikaijua. Nikamwambia hapo palikuwa na banda la farasi. Akacheka. Ng'ombe anawajua, alisema, na ugomvi wa wafugaji na wenye mashamba anaujua, lakini farasi, Rudewa? Sikuwa na nguvu za kubishana naye. Wewe nitakusimulia, maana una subira.

Wakati ule uhuru ulikuwa karibu, lakini mkonge ulikuwa bado wa Waingereza. Ulianzia nyuma ya nyumba zetu ukaenda hadi miguuni mwa milima, mistari iliyonyooka mpaka ikachosha macho. Mashine ya kuchakata, tuliyoiita korona, ilinguruma kutwa, na harufu chachu ya majani yaliyosagwa iliingia hata kwenye ugali. Baba alikuwa saisi, yaani mtunza farasi wa meneja. Farasi mwenyewe alikuwa mmoja tu, mwekundu, na meneja alimpanda kila asubuhi kwenda kukagua wakataji. Tuliishi chumba cha nyuma ya banda: mimi, baba, na bibi aliyemzaa baba. Mama alikwisha fariki. Chumba kilikuwa cha kazi. Kazi ikiisha, na chumba kimekwisha.

Maji ya tangi mara nyingine yalishika ile harufu ya korona, na farasi akiisikia hanywi. Kwa hiyo baba alijizoesha kuonja kwanza. Alichota kwa kata, akanywa mafunda mawili matatu kwa kelele mbele ya farasi, akamwambia, "Bismillahi, karibu bwana," ndipo farasi naye akainamia ndoo. Bibi alimtania kwamba amezaa mwonjaji wa sultani, kisha akamalizia, "Haya, mtumikie kafiri upate mradi wako." Tulicheka kila siku. Hatukujua kwamba tunamfundisha mnyama tabia.

Ukaingia mwezi wa Ramadhani, katika joto lile la kabla ya masika ambalo hata kuku wanatembea midomo wazi. Baba akaacha kuonja, kama ilivyompasa. Meneja naye alikwenda Mikumi kuwinda kwa gari. Farasi hakumchukua kwa sababu ya mbung'o wa kule porini. Alipokuwa akiondoka alimwambia baba, "Farasi akipata ubaya, wewe na mama yako tafuteni pa kulala." Akawasha gari.

Siku tatu za kwanza farasi alikunywa kidogo tu, jioni. Baba alidhani ni harufu. Siku ya nne ya mfungo, ambayo meneja alitarajiwa kurudi kabla ya magharibi, tulimkuta amesimama kichwa chini. Mavi yake yalikuwa makavu kama kokoto. Baba alimvuta ngozi ya shingo kwa vidole, akaiachia, na ngozi ikabaki imesimama. Baba aliijua dalili ile: maji yamemwisha mwilini.

Bibi hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alikuwa amelea watoto wengi wa kambi ile waliokaushwa na kuhara, na kwake kiu ilikuwa kiu. Alimpaka farasi chumvi kwenye midomo. Akamkorogea maji ya pumba, akatia kipande cha sukari guru alichokuwa ameficha kwa ajili ya futari. Akamfunika kitambaa kibichi kichwani. Farasi alilamba chumvi, akanusa ndoo, akainua kichwa akamtazama baba. Tulibadili ndoo, tukateka maji mapya mtoni, mimi na bibi, jua la utosi likitupiga. Akanusa, akamtazama baba. Mpaka leo nikikumbuka uchovu wa siku ile mabega yananiuma.

Mpishi wa meneja alikuja kutoka jikoni, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa Mkristo, mtu mwema. Akasema, "Ndugu yangu, huyu anakungoja wewe. Kunywa basi, Mungu anaona."

"Nifungue kwa ajili ya farasi?" Baba aliuliza. "Farasi wa mtu?"

Bibi alikaa chini mlangoni, akatafakari, kisha akasema polepole, "Mwanangu, adhuhuri imeingia. Si unatia udhu? Tilia hapa hapa. Kusukutua hakufunguzi, mradi usizidishe."

Mpishi akapiga makofi kwa furaha. Mimi nikaambiwa nishike ndoo. Baba alikunja mikono ya shati, akaosha viganja, akachota maji kwa kata, akajaza kinywa. Masikio ya farasi yakasimama. Baba akasukutua, akatema pembeni. Farasi akasogea hatua moja, basi. Baba akajaza mara ya pili, akasukutua kwa kelele zaidi, akatema. Farasi akagusa maji kwa mdomo, akaacha, akamtazama tena kooni.

Mara ya tatu baba alijaza kinywa akatulia. Mimi nilikuwa chini yake kabisa na ile ndoo. Niliona koo likipanda, likashuka. Hakutema kitu. Farasi akaingiza mdomo ndani ya ndoo akanywa, akanywa mpaka ndoo ikawa nyepesi mikononi mwangu.

Baba aliniangalia. Mimi nikaangalia ndoo.

Bibi alikuwa anashangilia. Baba akaendelea kuosha uso, mikono, miguu, akaenda kuswali, na jioni akafungua pamoja nasi kwa tende. Meneja alifika, akampapasa farasi shingoni, akaenda kuoga. Chumba kikabaki chetu. Kwa miaka mingi bibi alisimulia kisa kile kwa kila mgeni, kwamba hata farasi wa Rudewa anajua udhu, na watu walicheka, na baba alicheka nao huku akitafuta kitu cha kushika.

Siku ile ilipaswa kulipwa kwa kufunga siku nyingine. Baada ya Idi nilianza kumchunguza. Kila mchana nilimwona akila. Labda alilipa siku ambayo sikuwepo; labda aliona akifunga peke yake bibi atauliza. Mimi sikumuuliza. Nilikuwa mtoto, kisha nikawa mtu mzima mwenye haya, kisha akawa mzee ambaye huwezi kumtaja jambo kama lile.

Farasi aliuawa na mbung'o kabla ya uhuru. Meneja alikwenda kwao. Mkonge uling'olewa au ukafa wenyewe, korona ikanyamaza, na bibi akazikwa huko huko. Baba alifariki hapa Magomeni, mikononi mwangu, na wiki ya mwisho yeye ndiye aliyekuwa hataki maji. Nilimlowesha midomo kwa pamba.

Baada ya matanga nilifunga siku moja. Wanangu waliniuliza ni funga gani hiyo, nikawaambia ni ya babu yenu, wakadhani uzee umenianza. Kama alikwisha kuilipa mwenyewe, basi anayo ya ziada. Kama hakuilipa, natumaini imefika. Ningeweza kumuuliza wakati wowote kwa miaka yote ile, na nilichofanya ni kuangalia ndoo.