Paka Ndani ya Tenga

Nikipita mbele ya saluni wanakopitisha kitana cha moto kichwani mwa watu, ile harufu ya nywele zilizoungua hunirudisha Temeke, uani kwa Bibi. Wenzangu huziba pua. Mimi hutabasamu peke yangu, nao huniona nina wazimu, na sibishani nao.

Enzi hizo nchi ilikuwa bado changa na karibu kila kitu mtaani kwetu kilikuwa cha wote: kisima, msiba, hata ugomvi wa mke na mume. Jiko la Bibi lilikuwa kibanda cha fito na makuti nyuma ya nyumba, na mafiga matatu katikati. Mwenye jiko hasa alikuwa paka wetu, Sinahabari. Alizaliwa mweupe, lakini weupe wake hatukuufaidi, kwa sababu alilala kwenye majivu yenye joto na kuamka wa kijivu. Ndiyo maana Bibi akaweka sheria: mtu hawashi moto kabla hajagonga figa kwa mwiko mara tatu na kusema, "Hodi mwenyewe, tunapika." Wageni walicheka mpaka wakashika mbavu. Bibi aliwajibu kwamba tahadhari kabla ya hatari, na hatari haiulizi una miguu miwili au minne.

Siku moja shangazi yangu Zuhura, ambaye siku zote alikuwa na haraka, aliwasha moto bila kugonga. Sinahabari alichomoka mbio, mkia unafuka moshi. Hakuumia sana, lakini nililia mpaka kwikwi. Nilikuwa na miaka minane na akili nyingi, au ndivyo nilivyojiona. Nikaapa moto hautamgusa tena. Kesho yake, Shangazi alipojiandaa kukaanga samaki, nilimfunika paka kwa tenga la kuku kwenye kona ya jiko, nikaweka jiwe juu asilipindue. Nilijipongeza sana.

Bibi alikuwa ametoka kwenda kutoa pole mtaa wa pili. Mafuta yakapata moto kupita kiasi, yakaruka, yakashika kuti lililoning'inia. Makuti makavu hayakupi nafasi ya kumaliza bismillahi. Shangazi alinivuta mkono, tukajikuta uani, na majirani wakaja mbio na ndoo za maji na mchanga. Balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa sauti kubwa, akauliza kama wote tumetoka.

"Bado mmoja!" nilipiga kelele. "Yumo kwenye kona!"

Sikusema ni nani. Sikuona haja, maana kwangu Sinahabari alikuwa mtu wa nyumba ile kama sisi wengine. Shangazi akapiga ukunga. Jirani yetu Baba Anjelina, Mmakonde mchonga vinyago, alikuwa amekuja na tezo lake mkononi, jinsi alivyotoka kazini. Hakuuliza kitu. Alizunguka nyuma, akakata fito, akaingia kwa tumbo.

Kitambo kile nilikiona kirefu kuliko siku ya mfungo. Hofu niliyokuwa nayo sijapata kuwa nayo tena. Kisha Baba Anjelina akatokea kwenye moshi na paka kifuani, ndevu zake za upande mmoja zimeungua, Sinahabari anamparura na kumtukana kwa lugha yake.

"Paka?" Balozi alifoka. "Mtoto wewe, umemtia mtu motoni kwa ajili ya paka?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba Anjelina alikohoa, akatema mate.

"Mwacheni mtoto. Si kasema bado mmoja? Huyu hapa."

Bibi aliporudi hakunipiga. Alinikalisha chini. "Umemkinga na cheche, mjukuu wangu, ukamfungia na moto," alisema. "Kiumbe aachiwe mlango." Jumapili wanaume wa nyumba kumi walijenga jiko jipya, na Bibi akataka ukuta uwe na tundu chini, upana wa paka. Baba Anjelina ndiye aliyelikata, shavu moja lina ndevu na jingine halina, sisi watoto tunamcheka waziwazi naye anacheka.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba alikosea tu: aliingia kutafuta mtoto, akatoka na paka. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipofikiria vizuri, siku moja nikiwa jikoni kwangu. Tenga lina matundu, na paka aliyefungiwa hulia. Alipofika kwenye kona ile, Baba Anjelina alijua kabisa kilichomo. Paa lilikuwa linashuka, na njia ya kutokea ilikuwa wazi nyuma yake. Nani angemlaumu? Akasukuma jiwe, akamchukua.