Kartoni Kwenye Kioo

Baba yangu hajui Kichina. Ninalisema hili mapema, maana mtaa wetu wote wa Mabanga uliamini kwa miaka mingi kwamba anakijua, na mimi ndiye niliyeharibu.

Alikuwa na sali ya sinema: kibanda cha mbao, benchi, televisheni moja juu ya meza. Filamu ya Kichina ikianza, yeye alisimama kando na kijiti mkononi, akisema kwa Kiswahili kila neno lililotoka kwenye midomo ya wale wapiganaji wa upanga. Shule aliiacha darasa la tatu, kwao Kiwanja. Kaseti zilikuja na maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na kwa kuwa hakuweza kuyasoma, alibandika kipande cha kartoni chini ya kioo cha televisheni ili asiyasome mtu mwingine. "Hizo herufi zinachokesha macho," aliwaambia watu. Watu wakaridhika. Walilipa wamsikie yeye.

Simu zilipojaa mifukoni mwa watu, sali ilifungwa. Televisheni ikaletwa nyumbani pamoja na kartoni yake, na zile filamu zikahamishiwa kwenye kidude cha kuchomeka, na maandishi yake yote. Kila Jumapili baada ya misa, majirani walikuja na karanga zao. Hawakutaka filamu mpya. "Mupya inakushangaza tu," baba alikuwa akisema. "Ya zamani unaijua. Kilio unakitayarisha toka nyumbani."

Mimi nilizichukia. Ninafundisha Kifaransa shule ya sekondari, na kwangu filamu ni kuukuu pale ambapo wote wanaorukaruka ndani yake wako kaburini na bado kuna wajinga wanaowaonea huruma. Hivyo ndivyo nilivyosema chumbani mwa walimu, wakacheka. Nilipenda walivyocheka.

Jumapili hiyo nilikuwa na mgeni, mwalimu mwenzangu, mtu niliyetaka anione mtu wa maana. Nilitumaini umeme ungekatika. Haukukatika. Baba aliweka ile filamu aliyoipenda kuliko zote, ambayo mke wa mpiganaji anasimama juu ya daraja, anamwambia mumewe maneno machache, kisha mshale unamchoma. Alisimama na kijiti chake, mzee mzima, akaibana sauti iwe ya kike:

"Mume yangu, kama sirudi, batoto bakule kwanza. Weye utalia nyuma."

Wamama wakashika vitambaa. Mama yangu, aliyeingia ile sali ya zamani mara ya kwanza akiwa msichana kwa ajili ya maneno hayohayo, alifumba macho. Mwalimu mwenzangu aliziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika. Aliniinamia akaniuliza kwa Kifaransa kama muzee alisomea Beijing.

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ningeweza kumwambia mgeni anyamaze. Badala yake niliinuka, nikarudisha filamu nyuma kidogo, nikaibandua kartoni kwa kucha mbele ya watu wote.

"Papa, mwanamke hasemi hivyo," nilisema. Nikasoma kwa sauti ya darasani, Kifaransa kwanza, halafu Kiswahili: "Ni mimi niliyewafungulia adui mlango. Sikukupenda hata siku moja."

Hakuna aliyetafuna karanga. Baba alibaki na kijiti hewani.

"Haiko vile," alisema polepole. "Hiyo banaandika maneno yabo."

"Ndivyo ilivyo, papa. Umewadanganya watu miaka yote."

Nilitarajia mama anitukane. Alifumbua macho, akanitazama mimi, si baba.

"Unafikiri ni weye peke yako unajua kusoma? Mie nilisoma kwa masista, Rutshuru, mbele ya weye kuzaliwa. Kartoni ilianguka siku moja mbele yangu. Nilisoma hayo maneno yote, nikairudisha na mikono yangu. Na hicho Kifaransa chako, ni sauti yake ilikulipia shule."

Alitaka kunichapa mimi kwa maneno hayo, na yalinichapa. Lakini aliyegeuka kama mtu aliyepigwa alikuwa baba.

"Ulijua?" alimuuliza. "Tangu wakati gani?"

Mama aliona kwamba maneno yake yamempata baba.

"Tangu mbele ya kuoana."

Baba aliketi. Nadhani angeweza kuvumilia kuumbuliwa na mimi. Kilichomvunja ni kujua kwamba mama, ambaye yeye aliamini alimpata kwa sauti yake, alikuwa akimhurumia tu. Alininyooshea kijiti chake.

"Basi soma, mwalimu."

Nikasoma. Sikujua jinsi ya kuacha. Majirani waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akikumbuka sufuria jikoni, na mgeni wangu aliondoka nao bila kuniaga. Filamu ilipokwisha tulikuwa watatu. Mama aliinuka, akaenda kuchambua maharage nje.

Majirani hawajarudi. Jumapili baba huniita nimsomee, filamu ileile, naye huitikia "ehe, ehe" kama mwanafunzi asiyeelewa. Nilimwomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili aliniuliza kama nimekula. Mama haketi nasi tena.

Juzi nilishindwa. Mwanamke alipofika darajani sikuyasoma maandishi. Nilisema, kwa sauti niliyojitahidi kuifanya ya kawaida, kwamba anampenda mumewe, kwamba anaogopa, kwamba atarudi. Nilidhani baba angefurahi, au angalau asingejua. Hakuyaangalia maandishi, angeyaangalia ya nini?

"Hapana," alinikatiza. "Mie nilifanya hiyo kazi maisha yangu yote. Minajua sauti ya mutu mwenye anatunga."

Akarudisha filamu nyuma.

"Soma yenye iliandikwa."

Nikamsomea baba yangu kwamba hakupendwa hata siku moja.