Mkono wa Kushoto wa Lutengano

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko hata siku niliyopewa diploma. Na siku ya diploma naikumbuka mpaka vifungo vya koti nililovaa.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, katika kambi ya mashamba ya miwati upande wa Njombe. Tulikuwa vijana, kazi yetu kubambua magome ya miti hiyo, ya kutengenezea ngozi. Nyapara wetu alipenda watu wafanane. Tuliamka kwa filimbi, tukala kwa filimbi, tukavaa kaptula za aina moja. Uwe Mbena, Mkinga au Mpangwa, hakuna kuimba wimbo wa kwenu kazini. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zetu zilinyolewa zote siku ya kwanza.

Sikatai, mstari wetu ulipendeza. Bwana shamba akipita aliona vishoka vyote vikipanda na kushuka upande mmoja, isipokuwa kimoja. Kilikuwa cha rafiki yangu Lutengano, kijana wa Makete. Yeye alikuwa mashoto. Gome lake lilitoka refu, zima, na kabla ya saa sita alikuwa ametupita sote. Tulimtania kwamba mama yake alimzaa akitazama kinyume.

Siku hiyo nyapara alisimama nyuma yake.

"Wewe unaniharibia mstari. Shika kulia."

"Mzee, mkono huu haujui kazi."

"Utajua. Samaki mkunje angali mbichi."

Lutengano akatutazama. Alikuwa na mama mjane aliyemtegemea. Kufukuzwa hakukuwa jambo dogo. Akahamisha kishoka. Sisi tukaendelea, macho mbele, kama tulivyofunzwa. Haukupita muda kishoka kikateleza kwenye shina lenye umande, kikamkata vidole viwili vya mkono wa kushoto, ule uliojua kazi.

Wakampeleka zahanati kwa lori. Nyapara akapuliza filimbi, tukasogea kuziba nafasi yake. Mstari ukanyooka.

Mimi nilitoka kambi ile nikajisomesha mwenyewe, bila mjomba ofisini, nikafika Uganda, nikarudi Makambako na diploma ya kilimo, wa kwanza kwetu Lyamkena nzima. Walinifanyia sherehe, watu wakapanga mstari kunipa mkono. Lutengano alikuwemo; siku hizo alichunga kondoo wa wengine. Zamu yake ilipofika akanyoosha wa kushoto, wenye vidole vitatu. Wazee wakaguna, maana kwetu kumpa mtu mkono huo ni tusi. Nami, na suti yangu, nikatoa wangu wa kushoto nikaushika.

"Kamwene, msomi," akanisalimu kwa kilugha chetu. "Umechelewa, lakini umefika."

Mwanangu, sheria si adui. Nimezitunga mwenyewe, nikiwa na watu wengi chini yangu, na zilifuatwa. Lakini kila mgeni wa kazi nilimuuliza kwanza anashika kwa mkono gani. Ukipewa watu uwaongoze, uliza hivyo kabla ya kupuliza filimbi. Na ukiwa ndani ya mstari, jirani yako akikutazama, usitazame mbele. Vidole vya mkono havilingani, ndiyo maana mkono unashika.

Mungu aubariki mkono wako, uwe wowote ule, na akupe watu wa kuupokea mapema kuliko nilivyoupokea mimi ule wa Lutengano.