Baraza la Mume Wangu, Walthamstow

Nyumba yetu ya Walthamstow, huku Uingereza, imebanwa katikati ya wenzake kama jino. Zote ni za enzi za Malkia Viktoria, zote uso mmoja: matofali, dirisha kubwa lililotokeza mbele, kiukuta kifupi, na kinjia cha vigae vyeusi na vyeupe, hatua nne umefika mlangoni. Mimi niliishia darasa la tatu Mombasa, lakini nyumba hii nimeipigia deki miaka thelathini. Naijua kuliko waliosoma.

Mume wangu alipostaafu kuendesha basi, akili ikaanza kumtoka. Leo amesahau jina la mwanawe, kesho ametia chumvi kwenye chai. Siku moja akavunja kiukuta, akang'oa vigae, akaanza kujenga baraza la saruji chini ya dirisha, kama lile la nyumba ya babake kule Mji wa Kale, Mombasa. Mikono haikusahau kitu. Alilinyoosha, akalipaka chokaa. Sikumzuia. Nasema kweli, nilijivuna.

Akikaa pale alikuwa mzima. Wanaume wakitoka msikitini walipita wakakaa, kahawa ikamiminwa, naye akawataja mmoja mmoja na kuwatania. Hata jirani yetu Mwingereza, mzee ambaye hakuwahi kutusalimia, alikuja na gazeti lake. Mume wangu akamwambia, "Karibu, shemeji. Miaka yote hii ulikuwa safarini?" Lakini akirudi ndani, aliniuliza mimi ni nani.

Kisha akaja mwanamke wa kaunsili, ile serikali ya mtaa. Mtaa wetu ni eneo la hifadhi, sura ya mbele ya nyumba haiguswi bila ruhusa. Mjukuu wangu, aliyevaa joho la chuo kikuu mbele ya macho yangu haya, alikuwepo kututafsiria. Nilimkalisha mgeni barazani, nikamletea kahawa na halua. Kwetu Mji wa Kale nao umehifadhiwa, na baraza ni katika vitu vinavyolindwa. Ukilivunja ndipo utaitwa kujieleza. Basi mimi nikajua huyu kaja kutupongeza. Nikamweleza kwa fahari jinsi mzee alivyouangusha ukuta kwa nyundo, na vigae tulivitupa wapi.

Mjukuu akaniinamia. "Nyanya, nyamaza. Usimwambie hayo."

"Mgeni anakunywa kahawa yangu, nimfiche nini? Tafsiri."

Akatafsiri, macho chini. Yule mwanamke akaandika yote. Hakuwa mtu mbaya. Alikula halua, akaongezwa, akasema kwa masikitiko kwamba vigae vile havitengenezwi tena.

Barua ilipokuja ilisema baraza livunjwe, ukuta urudishwe. Mjukuu aliandika kuomba, akaeleza ugonjwa wa babu yake. Wakajibu kwa adabu kwamba tunaweza kuweka benchi la mbao. Mjukuu huniambia wangejua tu, hata ningenyamaza. Labda. Mimi najua maneno yalitoka kinywani mwangu. Wala sina ugomvi na sheria yenyewe. Jirani wa upande wa pili alipotaka kutia madirisha ya plastiki, mimi ndiye niliyemsema mtaa mzima. Nyumba hizi ni nzuri, na uzuri una mwenyewe.

Siku mafundi walipokuja na nyundo, mume wangu alisimama nyuma ya pazia akitazama.

"Nyumba ya nani hiyo wanayobomoa?"

"Ya watu," nikamjibu.

Akasema maskini watu hao.

Benchi tulinunua. Hakulikalia hata mara moja. Alifungua mlango, akaliangalia kama kitu kilichosahauliwa na wapita njia, akarudi ndani. Wanaume wa msikitini walipunga mkono wakaenda zao. Mwingereza akajifungia kwake na gazeti lake. Ndani ya miezi mume wangu akaacha kutaja jina lolote.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Wanawake tukajaa ndani mpaka kwenye ngazi. Wanaume, kama ilivyo desturi yetu, matanga yao ni nje. Benchi lilitosha watatu. Waliobaki walisimama barabarani kando ya ukuta mpya, mvua ikiwanyeshea, vikombe mkononi. Rafiki yake mmoja, mzee mwenye mkongojo, akabisha mlango taratibu.

"Mama, samahani," akasema. "Tukae wapi?"

Nilitazama nje, nikatazama ndani.