Hatua Kumi za Nyasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kopo lenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari, nikaambiwa nitembee bila kelele. Hilo la pili halikunisumbua. Nilikuwa kidato cha kwanza, nimetoka Ahero na sanduku la mbao, na tangu nifike shuleni nilikuwa nimeongea na watu watatu tu. Bwenini walishaniita Jongoo, kwa sababu nikiguswa najikunja.

Kazi yenyewe tunaiita mzunguko. Kila asubuhi kabla ya uji unatembea njia ya bustani kutoka jikoni mpaka kwenye ua unaotazama ziwa, upande wa Dunga, ukiandika kila kiumbe mdogo unayemwona. Wewe unayeichukua kazi hii baada yangu, shika haya. Jiwe unalishika kwa ukingo wa mbali na kulivuta kuja kwako, ili aliye chini akitoka aende zake, asikujie miguuni. Ukimaliza unalirudisha lilivyokuwa, maana ni paa la mtu. Aliyeumia analala koponi na jani bichi, kivulini, na akipata nafuu anarudishwa pale pale alipookotwa.

Mkubwa wangu wa kwanza, Mwalimu wa Bayolojia, hakupenda neno "wengi". Niliandika hivyo siku ya sam, wale wadudu wa ziwa wanaokuja kama moshi.

"Wengi ni wangapi?"

"Mwalimu, walikuwa wananiingia mdomoni."

"Kumbe ulifungua mdomo. Hilo nalo liandike."

Kidato cha pili nilipandishwa kuwa mwandishi, cha tatu nikawa Msimamizi wa Njia, ndiye anayetunza daftari la mzunguko. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Konokono hawaniulizi kwa nini nimenyamaza.

Mwaka huu, nikiwa kidato cha nne, masika ilipoanza nilimkuta kinyonga jike kando ya njia, tumbo limejaa, akichimba udongo kwa miguu yake ya mbele. Mzee Ogola, mtunza bustani wetu, alisimama kwa mbali, jembe mkononi.

"Atieno, toka hapo. Ng'ongruok si wa kuchezea. Atakuletea mkosi."

"Anazika mayai, Mzee."

"Sasa hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Ilikuwa Jumapili, nikakaa naye mpaka alasiri. Alipomaliza alifukia, akakanyagakanyaga udongo mpaka ukaonekana kama haukuguswa, akaondoka bila kugeuka. Mawe ya njia yetu yote yamepakwa chokaa, basi mimi nikaweka moja jeusi pale juu, liwe alama. Mwalimu akaniambia mayai hayo huenda yakakaa chini mpaka karibu masika ijayo. Nikajua nitakuwa nimeshaondoka shuleni. Hata hivyo nilitaka yawepo.

Wiki mbili baadaye tulijiandaa kwa Siku ya Wazazi. Kidato cha pili waliambiwa waondoe mawe yote, wayaoshe, wayapake upya na kuyapanga kwa kamba. Nilikuwepo, brashi mkononi. Nilimwona msichana akiliokota jiwe langu jeusi.

"Hili walilisahau," akasema, akalichovya ndooni.

Maneno yalikuwa tayari kinywani. Lakini walikuwa wanacheka, na mimi ndiye Jongoo, na jambo lenyewe ni kinyonga. Nikachovya brashi yangu, nikaendelea kupaka. Jioni njia ilikuwa nyeupe, imenyooka, na mimi sikujua tena pale ni wapi.

Jumatatu nikasikia Mwalimu Mkuu ameagiza ukingo wote wa njia uchimbwe, yapandwe maua. Nilisimama mlangoni pake mpaka akachoka kuniona.

"Ingia au nenda, msichana."

"Madam, kwenye ukingo kuna mayai. Ya kinyonga."

Akavua miwani. "Yako sehemu gani?"

"Lilikuwepo jiwe. Limepakwa chokaa."

"Na ulikuwa wapi likipakwa?"

"Nilikuwepo, Madam. Niliogopa kusema."

Akairudisha miwani. "Nakupa hatua kumi. Chagua mwenyewe. Kwingine kote kunachimbwa."

Nilitembea njia ile mara nne, nikikumbuka kivuli cha mpera kilivyonifikia Jumapili ile. Nikachagua. Wasichana wakapaita Shamba la Jongoo, maana nyasi pale hazikatwi.

Nilikuwa darasani Mzee alipochimba. Jioni nilimkuta akinawa, kucha zimejaa udongo.

"Jembe nimeweka kando, nyathina, mwanangu. Nimepekua kwa mikono ukingo wote. Sikuona yai hata moja."

"Lakini vinyonga unawaogopa, Mzee."

"Nawaogopa sana," akasema, akaendelea kunawa.

Basi mayai yamo kwenye hatua zangu kumi, au mvua iliyachukua. Leo ni Novemba na mtihani umekwisha. Asubuhi nimefanya mzunguko wangu wa mwisho polepole, nikainama kwenye zile nyasi mpaka sketi ikalowa. Kesho nitakuwa Ahero, na huko nitaamka saa ile ile bila njia ya kutembea. Nimekuwa kazini miaka minne, na nitakachokitamani zaidi ni kitu ambacho sijawahi kukiona.

Kwenye daftari, tangu masika, kila siku nimeandika: mayai, bado. Nakuomba usibadilishe kuwa "hakuna". Na asubuhi utakayowaona vinyonga wadogo kwenye nyasi, usiandike "wengi". Wahesabu mmoja mmoja, uniambie.